Kurudisha Familia Kisumu au Nakuru Kabla Mkataba wa Ughaibuni Haujaisha

Familia inayomaliza mkataba wake nje hurudi kwa ratiba iliyopangwa tangu mwanzo. Inayorudi mapema huwa bado ina nyumba ya kukodi huko iliyobakiza miezi, mpangaji ndani ya nyumba yake huku, mtoto aliye katikati ya mwaka wa masomo, na haki kadhaa zinazotegemea muda ambao haujatimia. Hasara kubwa hutokana na hilo la mwisho. Watu hukata tiketi kwanza, halafu wanagundua kwamba wiki tatu zaidi zingewapa pesa au msamaha wa ushuru ambao sasa hawawezi kuudai. Kwa hiyo tiketi iwe ya mwisho.

Kabla ya kuitafuta, chukua karatasi na uandike tarehe nne: siku unayotimiza mwaka mmoja kazini, siku unayotimiza miaka miwili nje ya Kenya, siku ya kwanza ambayo mkataba wa nyumba huko unakuruhusu kutoka, na siku ya kufungua muhula huku. Mara nyingi tarehe hizo hazitapatana, na itabidi uchague ipi uipoteze. Ukichagua ukiwa na hesabu mbele yako, utajua unachoacha.

Pesa zinazobaki huko

Katika Falme za Kiarabu, mfanyakazi hupata kiinua mgongo akishatimiza mwaka mmoja wa kazi: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Anayeondoka mwezi wa kumi na moja hapati chochote. Qatar nayo inataka mwaka mzima, na kiwango chake cha chini ni wiki tatu kwa mwaka. Saudia ni kali zaidi kwa anayejiuzulu mwenyewe: kabla ya miaka miwili hakuna kitu, na kati ya miaka miwili na mitano ni theluthi moja tu ya kiinua mgongo. Kama mwajiri ndiye anayesitisha kazi, hesabu hubadilika, kwa hiyo soma barua ya kuachishwa neno kwa neno kabla ya kuitia sahihi. Usikubali iandikwe kwamba umejiuzulu ikiwa hukujiuzulu. Nchi za Ghuba pia zinaweza kumzuia kusafiri mtu mwenye deni la benki lililofika kortini. Funga kadi ya mkopo mapema na udai barua ya kuthibitisha kwamba huna deni.

Ujerumani, notisi ya kawaida ya mpangaji ni miezi mitatu, na lazima imfikie mwenye nyumba si baada ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi ili mwezi huo uhesabiwe. Barua ikichelewa siku moja, unalipa mwezi mzima wa ziada. Kwa mikataba ya muda maalumu, iwe ni Marekani au kwingineko, tafuta kifungu cha kuvunja mkataba. Kama hakipo, omba kwa maandishi kuruhusiwa kuleta mpangaji mwingine wa kuchukua nafasi yako. Wenye nyumba wengi hukubali hilo kuliko kubaki na nyumba tupu.

Uingereza, dai kwa mwajiri fomu P45, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, kisha jaza P85 ya mamlaka ya kodi, ya kueleza kwamba unaondoka nchini. Anayeondoka katikati ya mwaka wa kodi mara nyingi amekatwa zaidi ya anachodaiwa, na fedha hizo hurudishwa. Marekani, W-2, fomu ya mshahara na kodi ya mwaka, hutumwa hadi mwisho wa Januari, kwa hiyo acha anwani ya mtu unayemwamini.

Usifunge akaunti ya benki wala laini ya simu ya huko siku ya kuondoka. Amana ya nyumba, marejesho ya kodi na mshahara wa mwisho huja wiki au miezi baadaye, na benki hutuma namba za uthibitisho kwa laini ileile. Laini hiyo ihamishie kwenye mpango wa bei ya chini kabisa na uiache hai angalau miezi sita.

Aliyetoka kwa ruhusa ya masomo, awe mwalimu, mhadhiri au mfanyakazi wa kaunti, amwandikie mwajiri barua kabla ya kurudi, aeleze sababu na aombe tarehe ya kuripoti. Ukikaa nyumbani kimya miezi miwili huku faili ikionyesha bado uko masomoni, mshahara na ile bondi ya kurudi kazini uliyotia sahihi vitaleta mgogoro.

Mizigo: cha kubeba na cha kuuza

Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50, kwa plagi ya miguu mitatu bapa kama ya Uingereza. Friji, mashine ya kufua au pasi kutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, usivibebe kamwe. Transfoma ya kuendesha friji ni ghali na nzito, na haibadilishi hezi 60 kuwa 50, kwa hiyo mota huzunguka polepole na kupata moto. Kompyuta na chaja za simu hazina shida. Soma maandishi madogo, kama yamesema 100–240V zitafanya kazi popote. Vifaa vya Saudia navyo viangalie: volti inakaribiana na yetu, lakini hezi ni 60. Runinga ya Marekani haitashika matangazo ya kidijitali ya hapa, kwa sababu Kenya inatumia mfumo wa DVB-T2. Jiko la gesi liache pia, kwani viunganishi vyake havilingani na mitungi yetu ya kilo 6 na 13.

Kinachostahili nafasi ni vitabu vya watoto, matandiko mazuri, vyombo vya kazi vya fundi, kompyuta, baiskeli, cherehani, nguo za baridi ikiwa mnaelekea Nakuru, na dawa ambazo mtoto hutumia kila siku, pamoja na barua ya daktari.

Mzigo wa ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kile kinachozidi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 6,000. Boksi la 60 × 40 × 40 ni sawa na kilo 16 hata likiwa na mito mitupu. Kwa meli unalipia mita za ujazo: boksi hilohilo ni mita 0.096, na kontena la futi 20 hubeba takriban mita 33. Familia isiyosafirisha samani haihitaji kontena lake peke yake, itachangia la wengine. Vitabu viweke kwenye maboksi madogo ya 40 × 30 × 30, maana boksi kubwa la vitabu hupasuka chini likiinuliwa. Kila kitu kikauke kabisa kabla ya kufungwa. Joto la mchana na baridi ya usiku baharini hufanya paa la kontena litone maji, na godoro lililofungwa na unyevu hufika limeota ukungu.

Andika orodha ya kila boksi kwa namba, kitu kwa kitu, pamoja na bei yake kikiwa kimetumika. Ukiandika tu "vitu vya nyumbani" unamwalika afisa wa forodha afungue yote. Usipakie mbegu, mimea wala vifaa vyenye udongo bila kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea. Osha matairi ya baiskeli na jembe la bustani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia ya nguo.

Forodha na miaka miwili

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 humsamehe ushuru anayehamisha makazi kurudi nyumbani. Mamlaka ya mapato, KRA, hutaka awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nje angalau miaka miwili, asiwe amekaa Kenya siku 90 au zaidi kwa jumla ndani ya miaka hiyo miwili, na asiwe amepewa msamaha kama huo hapo awali. Gari moja linaruhusiwa, ikiwa umelimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12, na sharti la umri wa chini ya miaka minane na usukani wa kulia bado linasimama. Mali ifike ndani ya siku 90 za kuwasili kwako. Kamishna anaweza kuongeza muda, ila usizidi siku 360.

Hapa ndipo anayerudi mapema huumia. Aliyekaa miezi ishirini na mbili hajatimiza, hata kama alikaribia. Kama kazi imeisha na visa bado ni halali, pima gharama ya kukaa miezi miwili zaidi dhidi ya ushuru wa gari. Njia nyingine ni familia kutangulia na mwenye gari kubaki mpaka atimize muda. Ikiwa miaka miwili haiwezi kufikiwa kwa vyovyote, uza gari huko. Ushuru wa gari lililotumika Kenya ni mzito, na tumeona hesabu yake ikishinda bei ya gari lenyewe. Nguo na vitu vya matumizi mnavyoingia navyo mkononi hushughulikiwa kama mizigo ya abiria, lakini kontena ni jambo jingine. Iandikie KRA barua pepe, uambatishe orodha na tarehe zako za kuingia na kutoka, na usubiri jibu la maandishi kabla ya kumlipa msafirishaji hata shilingi moja.

Wakala wa forodha awe na leseni. Atahitaji PIN yako ya KRA, pasipoti yenye mihuri yote (ile ya zamani usiitupe), hati ya shehena, orodha ya maboksi, na ushahidi wa kuishi nje kama kibali cha kazi, mkataba wa nyumba au barua ya mwajiri. Majina yafanane kila mahali. Hati ya shehena iliyoandikwa jina la ndoa huku pasipoti ikiwa na jina la baba husimamisha mzigo bandarini. Siku za bure za kuhifadhi mzigo ni chache mno, na baada yake gharama ya hifadhi hupanda kila siku, juu ya ile inayotozwa na kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena. Karatasi ziwe mkononi mwa wakala kabla meli haijatia nanga Mombasa.

Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi, kwa sarafu yoyote, zitangazwe uwanjani.

Karatasi za watoto

Mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mkenya ni raia wa kuzaliwa, kwa Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010. Lakini hawezi kuthibitisha uraia huo kwa maneno. Omba pasipoti yake ubalozini mara tu mnapoanza kufikiria kurudi. Ikichelewa, ubalozi hutoa hati ya dharura ya kusafiria. Mtoto mwenye pasipoti ya kigeni pekee kwa kawaida anahitaji idhini ya kielektroniki, eTA, iliyoanza Januari 2024. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili. Nchi kadhaa huiuliza wakati wa kutoka.

Kadi ya chanjo ichukueni yenyewe, si ahadi ya kutumiwa. Marekani haitoi chanjo ya BCG kwa watoto wachanga, na Kenya huitoa wakizaliwa. Mwulize daktari wa watoto huku mapema kama mtoto wenu anaihitaji.

Shule

Mwezi mzuri wa kumwingiza mtoto ni Januari. Wa pili kwa ubora ni mwanzo wa muhula wa pili. Muhula wa tatu ni mfupi na umejaa tathmini. Mtoto anayeingia Septemba hukutana na mitihani kabla hajajua majina ya wenzake. Kama ni lazima mrudi Agosti, ni afadhali mtoto wa gredi za chini apumzike, asome Kiswahili nyumbani, aanze Januari.

Gredi ya 6 na ya 9 zinahitaji uangalifu wa pekee. Nafasi ya mwanafunzi katika sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) hutokana na alama tatu: KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, kwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20, na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, kwa asilimia 60. Mtoto aliyekuwa nje katika Gredi ya 6 hana KPSEA. Aliyekuwa nje katika ya 7 hana tathmini hizo. Usingoje mwalimu mkuu aligundue hilo katikati ya mwaka. Nenda KNEC, baraza la mitihani, na ripoti zote za huko, uombe ulinganisho wa masomo aliyofanya nje, na uulize jinsi atakavyopata namba ya tathmini. Usajili kwa kawaida hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na mtoto anayefika dirisha limefungwa anaweza kulazimika kurudia gredi.

Kabla ya kuondoka huko, chukua barua ya kuhama, ripoti za miaka miwili ya mwisho zenye muhuri, na maelezo ya umri unaolingana na darasa lake. Kama hazikuandikwa kwa Kiingereza, zitafsiriwe hukohuko. Huku shule itataka cheti cha kuzaliwa ili imsajili kwenye mfumo wa wizara.

Kiswahili ndicho huwaangusha wengi, si hisabati. Mtoto aliyekaa nje miaka miwili akiwa na umri wa sita au saba huwa anasikia lugha lakini hawezi kuandika insha wala kupatanisha ngeli. Anzeni miezi mitatu kabla: nusu saa kila jioni ya kusoma kwa sauti na kuandika sentensi tano. Simu ya nyanya kila Jumapili inasaidia kuliko programu yoyote, mradi nyanya asikubali kujibiwa kwa Kiingereza.

Nyumba

Mpangaji aliye ndani ya nyumba yako kwa mkataba wa muda maalumu ana haki ya kukaa hadi mwisho, isipokuwa mkataba una kifungu cha kuuvunja. Mkataba wa mwezi kwa mwezi huhitaji notisi ya maandishi, kwa kawaida ya mwezi mmoja. Mpe miwili ukiweza, hasa kama ana watoto shuleni. Kumfungia maji ili aondoke kutakupeleka kwenye kesi. Mara nyingi ni rahisi zaidi kukodi kwingine miezi michache na kumwacha amalize.

Ukikodi, jihadhari na nyumba za kando ya ziwa. Mwaka wa 2020 Ziwa Viktoria lilipanda na kuingia nyumba za ufukweni, na kule Nakuru ziwa lilimeza sehemu za Mwariki. Kagua kuta kwa alama za maji na uwaulize majirani, si wakala wa nyumba.

Nyumba iliyokaa tupu ina mambo mawili ya haraka. La kwanza ni mita ya tokeni. Mita za stima zilihitaji kusasishwa kabla ya Novemba 24, 2024, na mita ambayo haikusasishwa hukataa tokeni mpya. Ununuapo, ukipata makundi matatu ya tarakimu 20 kila moja, ingiza mawili ya kwanza kwa mpangilio, kisha la tatu ndilo tokeni yenyewe. La pili ni tangi la maji. Limwage, ulisugue, ulijaze, kisha uweke klorini. Kwa tangi la lita 1,000 na dawa ya kung'arishia nguo (bleach) isiyo na manukato yenye klorini ya asilimia 3.5, ni lita moja na nusu. Fungua kila mfereji hadi unuse klorini, funga, acha saa 12, mwaga yote, jaza upya. Kisha gonga miimo ya milango na mbao za dari. Zikitoa sauti tupu, kuna mchwa.

Afya: Kisumu si Nakuru

Kando ya ziwa na katika kaunti za magharibi, malaria ipo mwaka mzima. Mtu mzima aliyekulia Siaya au Busia alikuwa na kinga ya kiasi. Akikaa nje miaka, kinga hiyo hupungua. Mtoto aliyezaliwa nje hana hata chembe. Wazazi husema "sisi tulikua hapa" na ndivyo mtoto anavyofikishwa hospitali akiwa na degedege. Neti zenye dawa zitundikwe kabla ya usiku wa kwanza, pamoja na kijijini mtakakokwenda kuamkua wazee. Homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, hata kama inaonekana ni mafua. Dawa ya malaria iitwayo AL humezwa dozi sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uifyonze, na humalizwa hata homa ikishuka siku ya kwanza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, ulizeni kliniki kuhusu chanjo ya malaria, ambayo katika kaunti za ziwa hutolewa miezi 6, 7, 9 na 24. Mjamzito amweleze mkunga mara moja kwamba ametoka nje, ili apewe dawa ya kinga kwa wakati.

Nakuru iko juu zaidi na malaria ni chache, ila maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Meno ya mtoto hadi umri wa miaka minane hivi hujengeka chini ya ufizi, na floraidi ikizidi hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua, floraidi huzidi kukolea. Watoto wanywe na wapikiwe kwa maji ya mvua yaliyotibiwa, au yaliyopita chujio la mkaa wa mifupa. Chujio la kawaida la mshumaa haliondoi kitu.

Bima: jisajilini SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, kwa *147# na muingize watoto wote. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, asilimia 2.75 ya mapato na usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Aliyesajiliwa hutibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya, lakini kulazwa hospitali kubwa hutegemea mchango uliolipwa. Lipeni wiki ya kwanza, msingoje mtu augue.

Kutoka Nairobi

Ndege ya Kisumu huchukua chini ya saa moja, lakini kiwango chake cha mizigo ni kidogo kuliko cha ndege ya kimataifa. Familia ya watu watano yenye masanduku kumi ya kilo 23 italipia ziada kubwa. Bebeni sanduku moja kila mtu, mengine yaende kwa basi au gari la mizigo. Tiketi mbili tofauti zikae mbali angalau saa nne, maana itabidi mchukue mizigo, mpite forodha na kuipeleka tena. Kwa barabara, Nakuru ni saa tatu hadi nne na Kisumu saba hadi nane. Mkitua jioni, laleni Nairobi, hasa kama dereva ndiye aliyeshuka kwenye ndege.

Baada ya kufika, hakikisha laini yako ya zamani bado ni yako, maana laini iliyokaa bila kutumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na M-Pesa, benki na eCitizen vyote huelekea huko. Ingia iTax, mfumo wa kodi wa KRA, uangalie kama kuna miaka ambayo hukuwasilisha ripoti. Tarehe ya mwisho ni Juni 30 kila mwaka, na faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au zaidi kwa kila mwaka. Zilipe kabla ya kuomba cheti cha kutii sheria za kodi (Tax Compliance Certificate), kwa kuwa waajiri wengi wa serikali hukitaka siku ya mahojiano.